Maranda ya Rafu ya Kulia

Panya wa rafu ya kulia walikuwa wananenepa, na Kishiwa, aliyekuwa akiwatunza, hakuona ubaya wowote katika kunenepa kwao. Ubaya aliujua baadaye, huko Mikumi, mbele ya wageni, akiwa na soda mkononi.

Walikuwa panya weusi, wadogo, walioletwa kwa ndege kutoka ng'ambo wakiwa na hati nyingi kuliko mkazi yeyote wa Kilosa. Waliwekwa katika kituo cha utafiti nje kidogo ya mji, kwenye jengo lililokuwa ghala la mkonge enzi za mashamba makubwa. Kasoro yao ilikuwa moja, nayo walizaliwa nayo. Dokta Hildegarda, mkuu wa utafiti, ambaye babu yake alikata mkonge katika mashamba hayohayo, alipenda kuieleza hivi: mwilini mna askari wa kinga, na kuna ishara inayowaambia askari hao kwamba kazi imekwisha, warudi kambini. Panya hawa hawana ishara hiyo. Askari wao wakishatoka hawarudi. Wanapiga vijidudu vya tumboni, kisha wanaupiga utumbo wenyewe, kama mgambo wa sokoni anayewakosa machinga akawageukia wateja. Wakitimiza miezi mitatu hivi, panya hao wanaanza kuharisha damu. Manyoya yanasimama, mgongo unapinda, wanajikunyata kwenye pembe ya kizimba.

Kishiwa alipomwona wa kwanza amejikunyata hivyo, aliujua ugonjwa kabla hajaambiwa jina lake. Ulikuwa ugonjwa wa mdogo wake.

Shimba alikuwa na miaka ishirini na tisa, na damu ilimwanza akiwa na kumi na tisa. Huko Tindiga, ambako wazazi wao walihamia na ng'ombe kutoka Maswa, alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akatibiwa kichocho, akatibiwa kurogwa. Alitibiwa kila kitu isipokuwa kile alichokuwa nacho, mpaka siku alipopitishwa kamera tumboni, na Dokta Hildegarda akamwambia kwamba kinga yake mwenyewe ndiyo inayopigana na utumbo wake. Akaandikiwa prednisoloni, vidonge vya kuituliza kinga. Vidonge vilimtuliza, vikamvimbisha uso, vikaanza kumla mifupa, na kila alipopunguza kimoja damu ilirudi. Sasa niambie, kijana wa Kisukuma asiyeweza kwenda machungani kwa sababu hawezi kukaa mbali na choo, huyo ni kijana gani? Wenzake walioa, wakajenga, wakaongeza mifugo. Yeye aliijua njia moja tu, ya kutoka kitandani hadi uani, na aliweza kuipita akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo Kishiwa hakuwatunza panya wale kama mtu anayetunza mali ya ofisi. Aliwaonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Kazi ya vizimba waligawana wawili. Lupakisyo, fundi wa maabara, Mnyakyusa mtaratibu ambaye nadhani alipiga pasi hata soksi zake, alishika rafu ya kushoto. Kishiwa alishika ya kulia, pamoja na rafu ndogo ya nyuma walikokaa panya wazima, wasio na kasoro, waliowekwa kwa ajili ya kulinganisha. Kati ya rafu mbili za wagonjwa, moja ilikuwa ikinyweshwa dawa ndani ya maji na nyingine maji matupu. Ipi ni ipi, alijua Dokta peke yake, na alikuwa ameiandika na kuifungia kwenye bahasha. Kila Alhamisi panya walihamishiwa vizimba safi vyenye maranda mapya ya mbao, na maranda ya zamani yakachomwa. Sheria ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: maranda ya kizimba kimoja yasiingie kizimba kingine. Sababu ya sheria haikubandikwa.

Kishiwa alikuwa na elimu nyingine iliyotangulia ile ya ukutani. Marehemu baba yake, alipohama Maswa, alipakia kwenye lori, juu ya vitanda na masufuria, gunia la samadi kavu kutoka zizi la zamani. Majirani walicheka wakati lori linaondoka, na wa Tindiga wakacheka lilipofika. Mzee hakujali. Aliitupia samadi ile katika zizi jipya kabla ng'ombe hawajaingia, na kila ndama walipoharisha alichota samadi ya ng'ombe wazima akaitandaza pale walipolala. Ng'ombe akinusa kwao hutulia, alikuwa akisema, na akitulia yeye, tumbo nalo hutulia. Wanawe walikua wakiona ndama wale wanasimama, wala hawakuwa na sababu ya kubishana naye.

Basi kila Alhamisi, Lupakisyo akiwa amempa mgongo, Kishiwa alichota konzi ya maranda ya panya wazima, yenye mavi yao na harufu yao, akatupia kidogo katika kila kizimba cha rafu ya kulia. Hakumwambia mtu. Hakujiona mvunja sheria, alijiona mtu anayewabembeleza wagonjwa. Rafu ya kushoto nayo angeifanyia hivyo hivyo kama isingekuwa chini ya Lupakisyo, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia konzi isiyo kwenye ratiba.

Wiki kumi na mbili zilipopita, rafu ya kushoto ilikuwa inaharisha damu karibu yote. Rafu ya kulia walikuwa wananenepa, manyoya yanang'aa, wanakimbizana. Dokta alifungua bahasha mbele ya Kishiwa na Lupakisyo. Rafu ya dawa ilikuwa ya kulia. Mama yule wa miaka hamsini na tano, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kwa sauti, alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha, na Kishiwa akalia naye. Jioni hiyo alimpigia simu Shimba.

Mambo yalikwenda mbio. Dawa yenyewe haikuwa ngeni, kwani wagonjwa wa maumivu ya viungo walikuwa wameitumia miaka mingi, kwa hiyo kamati ya maadili haikuona sababu ya kuchelewesha. Watu ishirini na mmoja wangejaribiwa kwanza. Wangepewa dawa hiyo miezi sita huku wakipunguziwa prednisoloni kidogo kidogo hadi iishe. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Shimba.

Ndipo ukafika mkutano wa Mikumi, wa siku mbili, katika hoteli iliyo kando ya barabara kuu, karibu na pale malori yanayotoka upande wa Kidodi yanapoingilia. Walialikwa wafadhili, madaktari wachache, na baadhi ya wagonjwa. Dokta alisisitiza Kishiwa aje, akae na wageni, asitumwe chai. Kishiwa alivaa gauni lake la kitenge la Krismasi na kujitanda upande wa pili wa kitenge hichohicho, akapewa soda, akakaa safu ya tatu na mdogo wake.

Dokta alionyesha picha ukutani. Alionyesha utumbo wa rafu ya kushoto, mwekundu, umechubuka, kisha wa rafu ya kulia, laini. Mgeni mmoja akauliza wanajuaje kwamba ni dawa na si kitu kingine. Dokta alifurahia swali hilo, ilionekana alikuwa analisubiri.

"Panya wana tabia moja ambayo wakati huu wa chai sitaieleza sana," alisema, na watu wakacheka. "Wanakula kinyesi cha wenzao. Ukichanganya maranda ya vizimba viwili, umechanganya matumbo mawili. Vijidudu vya mzima vinahamia kwa mgonjwa, na mgonjwa anaweza kupata nafuu bila dawa yoyote. Utafiti mwingi umeharibika hivyo. Kwetu sisi hakuna maranda yaliyogusa mengine, na kwa hilo namshukuru Kishiwa. Simama wakuone."

Kishiwa alisimama. Walimpigia makofi, na Shimba alipiga kuliko wote. Alitabasamu kwa sababu uso ulikuwa hauna pa kwenda, akakaa, akashika chupa ya soda kwa mikono miwili.

Hotuba iliyobaki hakuisikia. Alikuwa anapiga hesabu ya Alhamisi, na kila alivyoipiga ilitoka ile ile: kumi na mbili, hakuna aliyoiruka. Kama ni konzi zake zilizowaponya panya, basi dawa ile inaweza kuwa maji ya kisima. Shimba angepunguziwa vidonge, wiki baada ya wiki, akiamini amekingwa, na askari wake mwenyewe wangemkuta hana ngao. Dokta alikwisha kumwonya siku za nyuma: mgonjwa wa namna yake akiachishwa prednisoloni bila kitu cha kuishikilia nafasi yake, utumbo unaweza kutoboka, na ukitoboka mbali na hospitali ndiyo basi. Na wengine ishirini nyuma yake. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa binadamu mchungu. Kishiwa aliwafanyia panya jambo dogo kwa moyo mweupe, na sasa ncha yake ilikuwa imeelekea kwa mtoto wa mama yake.

Aseme, basi. Ni rahisi kwako na kwangu tuliokaa pembeni. Akisema, miaka tisa ya Dokta inaanguka mbele ya wafadhili, kazi ambayo ndiyo inayowalisha watu wa Tindiga inakwenda, na Shimba, aliyepiga makofi kuliko wote, ananyang'anywa dawa na dada yake wa damu. Asiposema, huenda anamzika. Neno lenyewe lilikuwa huenda, na ndilo lililomfunga zaidi. Angejua kwa hakika kwamba dawa haifai angesema mara moja. Hakujua. Alichokijua ni kwamba hakuna mtu yeyote anayeweza tena kujua, na aliyewafikisha hapo ni yeye.

Asubuhi ya siku ya pili wageni walipelekwa hifadhini kuona wanyama, na Dokta akaamua Shimba na dada yake waende naye katika Landkruza ya kwanza, pamoja na Lupakisyo na wageni wawili. Shimba alikuwa amekaa nje ya hifadhi hiyo miaka kumi na tano na hajawahi kuingia ndani, kwa sababu iliyo wazi. Safari hii alijiandaa kama mtu anayekwenda vitani: hakula tangu jana yake mchana, alimeza kidonge cha ziada, alikwenda chooni mara nne kabla jua halijachomoza. Alikuwa na furaha ya kuonyeshwa twiga. Kishiwa, ambaye hakuwa amelala, alikaa ubavuni mwake akimtazama badala ya kutazama twiga.

Walipofika karibu na bwawa la viboko, tembo walivuka barabara. Hawakuvuka wakaisha, walivuka wakasimama. Jike mmoja na mtoto wake mbele ya gari, wengine watano nyuma. Dereva, Zabron, mtu mzima aliyezoea kazi yake, alizima injini na kusema kwa upole kwamba sasa ni kusubiri tu, hakuna kupiga honi, hakuna kufungua mlango.

Dakika chache zilipita. Kisha Shimba alimshika dada yake mkono, akaubana.

"Dada, imefika," alisema kwa sauti ya chini.

Kishiwa alimwinamia Zabron na kumnong'oneza. Zabron alitazama kwenye kioo, akamwona yule kijana, akaelewa. Akasema angekuwa na uwezo angemteremsha, lakini simba walikuwa kwenye majani yale yale tangu jana, na tembo mwenye mtoto ni mbaya kuliko simba. Alisikitika kweli, ilisikika. Watu sita walikaa na mtu mmoja aliyekuwa anajikaza, jasho linamtoka kwenye uso ule uliovimba, macho ameyafumba. Alijikaza kwa muda ambao mimi na wewe tusingeweza. Halafu akaacha kujikaza.

Kishiwa alivua kitenge alichojitanda akamfunika mapajani. Mgeni mmoja alishusha kioo taratibu. Dokta Hildegarda akaanza kueleza habari za tembo, kwa sauti kubwa, wanabeba mimba miezi mingapi, wanaishi miaka mingapi, wanazikaje, akaeleza bila kupumzika kwa karibu nusu saa, ili mtu yeyote asilazimike kugeuza shingo. Shimba hakufumbua macho mpaka walipofika hotelini.

Nyuma ya hoteli palikuwa na bomba. Kishiwa aliifua suruali pale, Shimba akiwa ameoga na kujifunga kitenge cha dada yake, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hapakuwa na mtu mwingine. Kishiwa alijua kwamba hata akingoja mwaka mzima hatapata saa mbaya zaidi ya hiyo ya kusema, na kwamba saa nyingine hakuna, maana fomu zinasainiwa saa tisa. Akamweleza. Alimweleza habari ya konzi, ya Alhamisi, ya samadi ya baba, na alichosema Dokta jana yake kuhusu matumbo mawili.

Shimba alimsikiliza hadi mwisho.

"Una hakika si dawa iliyowaponya?"

"Sina. Hakuna mwenye hakika sasa."

"Basi huenda inafanya kazi."

"Huenda."

"Basi nyamaza."

Kishiwa alikamua suruali akaikung'uta. Alimkumbusha kuhusu utumbo kutoboka. Alimkumbusha umbali wa Tindiga na hospitali, na barabara ya masika.

"Umeniona leo kwenye gari?" Shimba aliuliza.

"Nimekuona."

"Basi nyamaza, dada. Nakuomba."

"Wapo wengine ishirini, Shimba."

"Hao siwajui."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba maji. Kishiwa alianika suruali kwenye ua wa miti, na alipogeuka mdogo wake alikuwa bado anamtazama, akingoja kiapo. Hakumpa kiapo, wala hakumkatalia. Alimwambia akapumzike.

Saa tisa walikusanyika ukumbini. Dokta alikaa meza ya mbele na fomu za ridhaa, akawa anasoma kila kipengele kwa sauti, polepole, kama anavyotakiwa. Kwamba unaingia kwa hiari. Kwamba unaweza kujitoa wakati wowote. Kwamba dawa hii imeonyesha matokeo mazuri kwa wanyama. Shimba alikaa mbele ya Dokta katika suruali ya kuazimwa kwa Lupakisyo, iliyopigwa pasi ikasimama, na alikuwa amepewa kalamu. Aligeuza kichwa mara moja akamtafuta dada yake. Macho yake yalimwambia lile lile la bombani.

Kishiwa alimpenda mdogo wake kuliko mtu yeyote aliye hai. Alimbeba mgongoni, alimfundisha kuhesabu kwa kokwa za embe, alimfulia mashuka miaka kumi. Alitaka kunyamaza. Alitaka kwa mwili mzima, na kama ulimi ungekuwa wa kuombwa angeuomba ulale. Aliuona mkono wa Shimba unashuka kwenye karatasi, akaona vidonge vinapungua, vinane, vitano, viwili, na akaona uani kwa mama yao, na watu wamekaa kwenye mikeka.

"Dokta, asisaini," alisema.

Alisimama, akasema yote, mbele ya wafadhili na wagonjwa, kwa maneno machache kuliko aliyoyatumia bombani. Dokta Hildegarda alivua miwani.

"Rafu ipi?"

"Ya kulia."

"Vizimba vingapi?"

"Vyote."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ya kwanza."

Dokta alinyoosha mkono na kuivuta fomu kutoka chini ya mkono wa Shimba. Shimba hakuiachia. Walivutana kidogo, mama mtu mzima na kijana mgonjwa, juu ya karatasi moja, kisha vidole vya Shimba vikafunguka. Wageni walitazama viatu vyao.

"Rafu nilipanga mimi," Dokta alisema, kana kwamba anajisomea. "Dawa yote upande mmoja, mtumishi mmoja upande mmoja. Nilitaka chupa zisichanganyike." Halafu akawaomba radhi wageni, akasema mkutano umekwisha.

Kishiwa alikuwa tayari kwa matusi. Hayakuja, na kukosa kutukanwa kulimuuma zaidi. Njia nzima ya kurudi Kilosa, Shimba alikaa kiti cha mbele na dereva. Gari lilisimama mara tatu kwa ajili yake, na mara zote tatu alishuka na kupanda bila kugeuka nyuma.

Kishiwa hakufukuzwa kazi. Dokta alisema mtu aliyesema ukweli mahali pale hafukuzwi. Ila ufunguo wa chumba cha panya alinyang'anywa. Panya wote wa zamani, wanene kwa wagonjwa, waliuawa kwa utaratibu uliowekwa, kwa sababu hawakuwa na faida tena kwa mtu yeyote. Wakaletwa wapya, vizimba vikachanganywa juu na chini, kulia na kushoto, na jaribio likaanza tena mwanzo. Kishiwa aliwekwa chumba cha kuoshea, kisicho na dirisha, penye tundu la ukutani ambalo Lupakisyo alimsukumia vizimba vitupu na yeye kumrudishia vikiwa safi. Alifanya hivyo miezi minne. Panya aliwaona kupitia kioo cha mlango, kwa mbali, na hakuweza kutambua yupi amejikunyata na yupi amelala.

Kila Jumapili alipiga simu Tindiga. Shimba alipokea, maana mkubwa ni mkubwa, akasema shikamoo dada, Kishiwa akasema marahaba, hujambo, akasema sijambo. Baada ya hapo hapakuwa na neno. Walisikilizana pumzi mpaka mmoja akate.

Mwezi wa tano wa jaribio hilo ulipoanza, Dokta alimwita ofisini na kufunga mlango. Bahasha ilikuwa imefunguliwa asubuhi hiyo. Panya wa dawa na panya wa maji matupu walikuwa wameharisha damu sawasawa. Dawa haikufanya kitu. Akamwambia kwamba kama angenyamaza pale Mikumi, hivi sasa wangekuwa na watu ishirini na mmoja wanaoachishwa vidonge, na Mungu anajua wangapi wangekuwa hai. Aliongeza kwamba ataomba kibali aichunguze konzi yenyewe, safari hii kwa utaratibu, lakini Kishiwa asimpelekee mgonjwa habari hiyo kama tiba. Vijidudu vinavyomfaa panya vinaweza kumuua mtu, na njia kutoka kwa panya hadi kwa Shimba ni ya miaka.

Kishiwa hakuyasikia sana hayo ya miaka. Alisikia kwamba alikuwa sahihi. Tangu Mikumi alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya chumba pamoja na jambo alilolifanya, na sasa aliona mlango umefunguka. Aliomba ruhusa, akapanda bodaboda pale pale, akafika Tindiga saa nane mchana akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Alimkuta Shimba ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kivulini mwa ukuta wa choo. Uso ulikuwa umevimba zaidi. Aliinuka nusu, akampa shikamoo, akamsogezea kigoda chake na yeye akakaa juu ya gogo. Kishiwa hakungoja hata maji ya kunywa. Alimweleza bahasha, rafu zote mbili, aliyoyasema Dokta kuhusu watu ishirini na mmoja. Machozi yalimtoka bila yeye kuyajali.

"Ingekuua, Shimba. Sikukunyang'anya kitu. Ilikuwa maji matupu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu pale bombani. Ulipomtaja baba na samadi yake, niliamini hapo hapo. Ndama wale niliwaona na mimi."

Kishiwa alijifuta uso kwa kiganja. Alimuuliza, kama alijua, kwa nini basi alimwomba anyamaze, kwa nini aling'ang'ania karatasi ile mbele za watu.

Shimba hakuwa na hasira, na Kishiwa aliona kwamba hakuwa nayo hata siku moja katika miezi yote ile, na kwamba alichokidhani hasira kilikuwa kitu kingine, kizito kuliko hasira, kisichotibika kwa habari aliyoileta.

"Kwa miezi sita ningekuwa mgonjwa anayengoja kupona," alisema. "Sasa mimi ni mgonjwa tu."

Shimba aliinuka, akamwomba radhi kwa adabu, kama anavyoombwa mgeni, akaenda zake chooni.